Kupanua eneo la wazi la mtaa Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia bikoni hadi bembea

Maombi ya kupanua bustani na viwanja vya mitaa yanarudi mezani kwa mtendaji kila mwaka, na sababu ni zilezile. Kamati inaandika barua: "Tunaomba bembea sita, uwanja wa kisasa na taa." Haisemi eneo liko kwenye mchoro gani, mpaka unaishia wapi, maji ya kumwagilia yatatoka wapi, wala nani atashika ufunguo wa choo. Barua ya namna hiyo afisa hana pa kuianzia.

Kwa hiyo humu bembea zinakuja katikati, si mwanzoni. Ardhi kwanza, halafu watu, halafu maji. Ukiruka moja kati ya hayo matatu, utarudishwa.

Mwongozo unawahusu mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wake, na vikundi vinavyosukuma jambo hili ndani ya Jiji la Dodoma, iwe Ilazo, Nkuhungu, Kisasa au Chang'ombe. Aliyeko Manyoni au Kongwa anaweza kuufuata akibadilisha majina ya ofisi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Futi kamba ya mita 50, kamba ya manila na vigingi vya mbao kama 40
- Sururu, koleo na ndoo ya lita 20
- Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi wanaosawazishia msingi
- Chokaa ya kuchora mistari
- Kaunta buku mbili: moja ya vikao, moja ya vipimo
- Karatasi za grafu na penseli
- Simu yenye kamera nzuri
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa, iliyopita kwa mtendaji wa kata
- Msimu mmoja wa mvua. Huu haununuliwi, na bila huo hatua ya 4 haifanyiki

Michango haipo kwenye orodha, na nimeiacha makusudi. Msikusanye hata shilingi mia kabla ya hatua ya 1 kukamilika. Mkishachanga halafu ikaonekana eneo ni kiwanja cha mtu, kamati haitaaminika tena mtaani.

## Hatua ya 1: Hakikisheni ardhi ni ya nani, kwa karatasi

Nendeni ofisi ya mipangomiji ya Jiji na barua yenu. Ombeni kuona mchoro wa mipangomiji unaohusu eneo lenu, na ulizeni mambo matatu: namba ya mchoro ulioidhinishwa wa karibuni kabisa, matumizi yaliyoandikwa juu ya eneo, na kama limeshapimwa.

Neno "wa karibuni kabisa" lina uzito wake. Sehemu kubwa ya Dodoma ilipangwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakahamia halmashauri. Mzee wa mtaa anaweza kuwa na nakala halali kabisa ya enzi hizo ikionyesha eneo la wazi, wakati mchoro ulirekebishwa baadaye. Nakala ya mzee ni ushahidi mzuri wa kuanzia mazungumzo, lakini si wa kujengea.

Mkishapata mchoro, tafuteni bikoni, yaani alama ya mpaka. Ni kipande cha zege chenye chuma katikati, na mara nyingi kimefukiwa na mchanga au kimegeuka kiti cha muuza karanga. Chimbueni taratibu kwa koleo, pigeni picha, andikeni namba. Bikoni iliyopotea hairudishwi kwa kukisia. Anaitwa mpima ardhi wa Jiji au mpima aliyesajiliwa. Kuing'oa au kuisogeza ni kosa kisheria, hata kama nia ni njema.

Sasa ndiyo muulize upanuzi utatoka wapi. Kuna milango minne.

Wa kwanza ni kurudisha mipaka. Ukuta umesogea mita tatu huku, kibanda kimeota kule, kijia cha bodaboda kimekata kona. Ningeanza hapa kila mara, kwa sababu mtaa unaweza kugundua kwamba eneo inaloomba lipanuliwe tayari ni kubwa kwenye mchoro. Kuondoa waliovamia ni kazi ya Jiji. Msiende wenyewe na nyundo.

Wa pili ni kuunganisha na eneo la umma lililo jirani. Kama matumizi yake ni mengine, mabadiliko hupitia kwa mamlaka ya upangaji, na wenye pingamizi hupewa nafasi ya kusema.

Wa tatu ni kuchukua kiwanja cha mtu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na thamani hupangwa na mthamini. Mlango huu ni mrefu na wa gharama, na kwa eneo la mtaa sishauri.

Wa nne ndio mtego: ukingo wa korongo. Unaonekana upo wazi, haujajengwa, hauna mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo kabla ya kuliingiza korongo kwenye ramani yenu pateni neno la afisa mazingira. Panaweza kufaa kwa miti. Choo au uwanja wa zege usiwepo hapo.

Mmefaulu mkiwa na: nakala ya mchoro, orodha ya bikoni na picha zake, na barua au muhtasari unaotaja matumizi ya eneo. Kauli ya mdomo kwamba "hilo ni la serikali, msijali" isiwatoshe.

## Hatua ya 2: Mkutano mkuu wa mtaa, na muhtasari wake

Mkutano unahitajika kwa sababu kila ofisi mbele itauliza muhtasari. Uwe na tarehe, majina na saini za waliohudhuria, hoja zilizopingwa na uamuzi. Hoja zilizopingwa msizifiche. Muhtasari ambao wote wamekubali kila kitu unatia shaka.

Chagueni kamati ya mradi ya watu saba au tisa. Awemo mwanamke anayelea watoto wadogo, kijana wa mpira, mtu mwenye ulemavu, na jirani ambaye nyumba yake inapakana na eneo. Huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika, naye ndiye atakayelala na kelele za uwanja.

## Hatua ya 3: Hesabuni watu kabla ya kuchagua vifaa

Kaeni kwenye eneo siku mbili za kazi na Jumamosi moja. Hesabuni waliopo saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Gaweni kwa makundi: watoto chini ya miaka sita, wavulana, wasichana, watu wazima, wazee. Andikeni pia wanaopita bila kukaa, na njia wanayoipita.

Njia hiyo ni ya thamani. Ule mstari mweupe uliokanyagwa kutoka kona ya duka hadi barabara ya daladala utabaki palepale hata mkijenga ukuta, watu watautoboa. Uchoreni kama ulivyo, mje kuufanya njia rasmi.

Jambo moja litajitokeza karibu kila mahali: saa kumi na moja jioni uwanja wote ni wa wavulana wa mpira. Mama atasimama mkutanoni aseme, "Mwenyekiti, na hawa mabinti zetu watacheza wapi?" Takwimu zenu ziwe na jibu. Na kama kuna kina mama wanaofanya mazoezi ya muheme, ngoma ya Wagogo, chini ya mkwaju, andikeni. Kundi hilo linahitaji udongo uliosawazishwa na kivuli tu, na ni rahisi kulifagia kwa bahati mbaya ramani inapochorwa na watu wa mpira peke yao.

## Hatua ya 4: Someni maji

Dodoma hupata mvua ya wastani wa kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Si nyingi, ila inakuja kwa vishindo. Saa moja ya mvua kubwa inaweza kubeba mchanga wote uliomwaga kwenye eneo la watoto na kuupeleka mtaa wa chini.

Mvua kubwa ikinyesha, nendeni na vigingi mara tu inapokatika. Pigeni kigingi kila mahali maji yaliposimama na kila mahali yalipokata mfereji. Rudini kesho yake asubuhi: penye maji bado ni penye mfinyanzi au bonde, na hapo hapajengwi uwanja wala choo. Fanyeni hivyo kwa mvua mbili au tatu tofauti.

Halafu pimeni udongo. Chimbeni shimo la sentimita 50 kwenda chini, jazeni maji, yaacheni yanywewe, jazeni tena. Baada ya saa moja angalieni. Maji yakiwa yametoweka, ni udongo wa mchanga unaofaa kwa viwanja na miti. Yakibaki karibu yote, ni mfinyanzi: zege litapasuka udongo ukivimba na kunywea, isipokuwa mhandisi apange msingi wake.

Mfereji unaotoka nje ya eneo uandikwe pia. Msiuelekeze kwa jirani wala barabarani bila kuzungumza na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kwa kuwa mitaro ya barabara za mitaa iko chini yao.

Mmefaulu mkiwa na: mchoro wa mkono wenye mishale ya maji, ambao mtoto wa darasa la sita akiutazama anaweza kuwaonyesha pa kukanyaga siku ya mvua.

## Hatua ya 5: Choreni, kwa vipimo vya kweli

Karatasi ya grafu, mraba mmoja kwa mita mbili. Wekeni kwanza visivyohama: bikoni, miti mikubwa, mishale ya maji, njia iliyokanyagwa, nguzo za umeme. Ndipo muingize viwanja.

Vipimo vya kushika:

- Mpira wa miguu: angalau mita 90 kwa 45. Mitaa mingi haina nafasi hii
- Uwanja mdogo wa watano kwa watano: mita 40 kwa 20, na mita 2 za ziada kila upande
- Netiboli: mita 30.5 kwa 15.25, na mita 3 hivi za ziada kila upande
- Kikapu: mita 28 kwa 15
- Wavu: mita 18 kwa 9, na mita 3 za ziada kila upande

Angalieni jambo hapo. Kikapu na wavu vinaingia ndani ya sakafu ya netiboli kwa mistari ya rangi tofauti. Sakafu moja, michezo mitatu, na mabinti wamepata pao.

Tuchukue mfano wa eneo la mita 60 kwa 80, yaani mita za mraba 4,800, zaidi kidogo ya ekari moja. Uwanja mdogo pamoja na ziada yake unachukua 44 kwa 24. Sakafu ya netiboli na ziada inachukua 36.6 kwa 21.35. Eneo la watoto, 12 kwa 15. Jumla ni kama mita za mraba 2,000, na zinazobaki ni kama 2,800 za kivuli, njia, choo na uwanja wa mikutano. Uwanja mdogo na sakafu vikilala sambamba vinakula mita 45 kati ya zile 60 za upana. Vinatosha bila kubanana.

Urefu wa viwanja uelekee kaskazini na kusini. Jioni jua la Dodoma linashuka magharibi bila wingu, na golikipa anayelitazama haoni mpira. Eneo lenu likiwa limelala vibaya, punguzeni uwanja kuliko kuugeuza.

Upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na unabeba vumbi. Mstari wa miti uwe upande huo. Choo kiwe upande wa pili, mbali na madirisha ya watu.

Njia ziwe na upana usiopungua mita moja na nusu, na penye kupanda mtelemko uwe sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu au mdogo zaidi, ili baiskeli ya magurudumu matatu ipite bila kusukumwa na watu wawili. Mlango mmoja wa choo uwe na uwazi wa sentimita 90.

Mkimaliza, hamisheni mchoro ardhini kwa kamba na chokaa, Jumamosi asubuhi, watu wapite ndani yake. Hii ni hatua inayorukwa sana, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote: kosa la mstari wa chokaa linafutwa kwa ufagio.

## Hatua ya 6: Vifaa vya watoto na magoli

Hapa msibane matumizi. Watoto wanaumia kwa mambo manne, na yote yanazuilika kwenye mchoro.

Wanaanguka. Chini ya vifaa wekeni mchanga laini wa mtoni, kina cha sentimita 30, ukienea mita 1.8 kuzunguka kila kifaa. Eneo la mita 8 kwa 10 linahitaji mita za ujazo 24. Mwenye lori akiwauzia "tripu", pimeni bodi la lori lake kwa futi kamba, mzidishe urefu, upana na kina.

Wanapigwa na bembea. Bembea inayoning'inia kutoka mita 2 juu inataka mita 4 wazi mbele na mita 4 nyuma. Iwekwe pembeni, pasipo na njia.

Wananasa kichwa. Nafasi kati ya nondo za ngazi au kizuizi iwe chini ya sentimita 9 au zaidi ya 23. Katikati ya hapo mwili wa mtoto unapita na kichwa kinabaki. Fundi wa kuchomelea hajui hili mpaka umwandikie.

Wanaangukiwa na goli. Goli la chuma lisilofungwa ardhini linaua. Miguu yake isimikwe kwenye zege, pamoja na ya nyuma, siku ileile linapofika. Lisilazwe "kwa muda" pembeni mwa uwanja.

Kuna la tano, la hapa kwetu. Utelezi, ule mteremko watoto wanaoshukia, ukiwa wa bati au chuma unaunguza mapaja ifikapo saa tano. Uwe chini ya mti au paa.

Na uzio msipande minyaa, hata kama ndiyo desturi ya maboma yetu. Utomvu wake ukiingia machoni ni hatari kubwa, na watoto huvunja matawi.

## Hatua ya 7: Miti kwa kiasi cha maji yenu

Kosa la kawaida ni kupanda miche mingi siku ya uzinduzi, na Septemba hakuna hata mmoja. Fanyeni hesabu kwanza.

Mche mmoja unahitaji kama lita 20 kwa wiki wakati wa kiangazi. Kiangazi chetu, Mei hadi Novemba, ni wiki 30. Miche 60 ni lita 36,000. Miche 30 ni lita 18,000.

Upande wa pili: paa la mita za mraba 60, la choo pamoja na kibanda cha kupumzikia, kwa mvua ya milimita 570 na kupoteza sehemu ya tano, linatoa lita 27,000 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo paa hilo linabeba miche 30 ikiwa mna tenki za kuhifadhi, haliwezi 60. Kama mnategemea bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, wekeni bili kwenye hesabu za kila mwezi tangu sasa.

Pandeni mvua zikishaanza kunyesha mfululizo, mashimo ya sentimita 60 kila upande, yenye samadi iliyooza. Mwarobaini unavumilia ukame, mkwaju unachelewa ila kivuli chake kinadumu. Kila mche uzungushiwe miiba, kwa sababu mbuzi wa mtaani hawajui kwamba kuna kamati.

## Hatua ya 8: Gharama na njia ya ombi

Mchanganuo wa gharama uandaliwe na mhandisi wa Jiji au fundi sanifu, si kwa kukisia. Lakini kuweni na wazo. Sakafu ya netiboli na ziada yake, zege la sentimita 10, ni mita za ujazo 78. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, hiyo ni kama mifuko 500 ya saruji, bila kokoto, mchanga wala ufundi. Ndiyo maana mitaa yenye busara huanza na moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, yenye mtelemko wa sentimita 1 kwa kila mita, na zege likaja awamu ya pili.

Gaweni kazi katika awamu tatu, kila moja ikiwa na faida hata fedha zikikatika. Ya kwanza: mipaka, mitaro, njia, miti, choo. Ya pili: watoto na uwanja mdogo. Ya tatu: zege na taa.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini maamuzi hufanyika mapema zaidi. Ombi lenye muhtasari lifike Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya Novemba kwisha, diwani alibebe kwenda baraza. Likifika Machi, makadirio yameshapita. Jaribuni pia Mfuko wa Jimbo kupitia mbunge, kwa kipande kinachokamilika, kwa mfano choo.

Andikeni nguvu za wananchi kwa vipimo: mita ngapi za mtaro mtachimba, tripu ngapi za mawe mtasogeza. Ofisini wanasoma hapo kwanza. Malipo yoyote ya kwenda serikalini yafanyike kwa kumbukumbu namba (control number), na mkishapewa fedha za halmashauri, manunuzi yatafuata NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Kamati haiteui fundi wa kwao.

## Hatua ya 9: Nani atafanya nini baada ya kufunguliwa

Karatasi moja, iambatane na ombi. Kila siku: kufagia, kufungua na kufunga choo. Kila wiki: kumwagilia, kusambaza mchanga chini ya bembea, kutikisa magoli na minyororo. Kila mwezi: kusoma mita ya maji na kubandika mapato na matumizi ofisi ya mtaa. Kabla ya mvua: kuzibua mitaro. Mbele ya kila kazi pawe na jina la mtu na la msaidizi wake. Neno "wananchi" halihesabiwi kuwa jina.

Fedha ya matunzo itoke pale pale: ada ndogo ya choo, kukodisha uwanja kwa mabonanza, sehemu mbili tatu za mama lishe zilizopangwa kwenye mchoro badala ya kuwaacha wajipange wenyewe getini. Viwango vipitishwe mkutanoni na viridhiwe na Jiji.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya ujenzi ikikatika, kamati iende na vile vigingi na ule mchoro wa mishale. Popote maji yaliposimama pasipotarajiwa, mkandarasi aitwe kabla muda wake wa uangalizi haujaisha na sehemu ya malipo yake bado imeshikiliwa.